Juu ya Mambo Tunayopenda na Mambo Tunayochukia

Kuna sentensi moja ya Kilatini inayopendwa sana katika seminari zetu. Wafratri wakiisha kubishana wakati wa rekreasyo, huyu akisifu rumba ya wazee, yule akisifu muziki wa vijana wa Dar es Salaam, mmoja wao atasimama na kusema: De gustibus non est disputandum, maana yake mambo ya utamu hayabishaniwi. Basi wote wanacheka, kengele inalia, wanakwenda kusali. Mimi sentensi ile siipendi. Naiona kuwa ya uvivu. Kama ni kweli kwamba mtu hawezi kumwuliza mwenzake sababu gani anapenda kitu hiki na kuchukia kile, tufunge vitabu, maana kazi ya kuchunguza nyimbo na sinema na desturi za watu itakuwa kazi bure. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Sisi wenyewe tunaosema sentensi ile seminarini hatuishiki tena tukiisha kupewa parokia. Fratri aliyesema kwamba mambo ya utamu hayabishaniwi, mwaka mmoja baada ya upadrisho anasimama mbele ya altare na kukataza. Anakataza wimbo, anakataza nywele za kubandika, anakataza suruali, anakataza namna fulani ya kupiga ngoma, na anasema sababu ni Mungu. Pengine sababu ni Mungu kweli. Pengine sababu ni kwamba yeye hapendi tu.

Tunapashwa kutenganisha maneno mawili ambayo katika kinywa cha padri yanachanganyika upesi: kusema "sipendi" na kusema "ni vibaya". La kwanza ni habari juu yangu mimi. La pili ni habari juu ya kitu chenyewe, nalo linadai sababu. Kusema "sipendi" si dhambi. Padri naye ana masikio na ulimi kama watu wengine. Lakini Mkristu akisikia "ni vibaya" kutoka kwetu, anakwenda na neno lile nyumbani, analiweka karibu na amri kumi, na pengine anakuja kuungama dhambi ambayo si dhambi. Wakatekista wanaosoma ukurasa huu wanajua ginsi mambo hayo yanavyopita: padri anakunja uso mara moja, na siku ya Mungu inayofwata katekista wa kijiji cha mbali anafundisha kwamba Kanisa limekataza.

Mtakatifu Tomasi, katika sehemu ya kwanza ya Summa, anafundisha kwamba tunaita kizuri kile kinachopendeza tukikiona. Wengi wanashika neno "kinachopendeza" na kusimama hapo. Yeye hakusimama hapo. Anaendelea kusema kwamba macho na masikio yetu yanafurahia vitu vyenye kipimo kinachofaa, na mbele kidogo, anapoeleza Utatu Mtakatifu, anataja mambo matatu ambayo uzuri unayadai: kitu kiwe kizima, kiwe na kipimo, kiwe na mwangaza. Maana yake utamu una sababu ndani ya kitu, na sababu inaweza kutafutwa. Agostino Mtakatifu anatupa upande wa pili. Katika buku la kumi la Maungamo yake anasema kwamba mara nyingine utamu wa kuimba ulimshika kuliko neno lililoimbwa, naye akaogopa. Akakumbuka askofu Atanasi wa Alexandria aliyetaka zaburi ziimbwe karibu sawa na kusema. Kisha akakumbuka machozi aliyotoa zamani kwa ajili ya nyimbo za Kanisa, akaitika kwamba desturi ya kuimba ni njema. Angalia vizuri: mtu mkubwa namna ile, askofu, anahukumu masikio yake mwenyewe mbele ya Mungu, naye hatoi sheria yoyote kwa korali ya Hippo.

Kwa hiyo, ili nisiseme juu ya wengine tu, nitapanga hapa vitu vyangu kama mama anavyopanga nyanya katika soko la Virunga, kila mpitaji aguse na kugeuza.

Napenda gitare ya Jean Bosco Mwenda. Huyu ni wa kwetu kwa lugha, ingawa alikuwa mtu wa Katanga, mzaliwa wa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na disiki zake zikafika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Sikiliza wimbo wake uitwao Masanga. Dole gumba linatembea chini kama mtu anayekwenda kazini bila haraka, na kidole cha pili kinacheza juu kama mtoto anayemfwata babaye: mara anatangulia, mara anabaki nyuma kutazama kitu. Watu wawili kwa mkono mmoja! Tena hapigi kelele. Anaacha nafasi kati ya sauti na sauti, na katika nafasi ile msikilizaji anapata kupumua. Hapo naona kile kipimo cha Mtakatifu Tomasi bila kufungua kitabu. Mtu akiniambia, "Padri, muziki ule ni wa wazee, unalaza watu", nitamjibu kwamba amenipa habari juu ya usingizi wake. Aniambie kwanza ni kitu gani kimekosekana katika wimbo.

Franco Luambo ninampenda kwa shaka. Aliongoza O.K. Jazz miaka mingi, kundi lililoanzishwa mwaka 1956, mpaka kufa kwake mwaka 1989. Wazazi wengi wa Goma wanajua wimbo wake Mario, wa mwaka 1985, hata wale wasiosikia Lingala sawasawa. Ni habari ya kijana aliyesoma, mwenye nguvu, ambaye hatafuti kazi, anakaa kwa mwanamke aliyemzidi miaka na kula mali yake. Wimbo unapita dakika kumi, na hauchoshi. Kwangu umeshinda mahubiri mengi niliyosikia juu ya uvivu, kwa kuwa hauanzi na uvivu kama jina la dhambi. Unaingia katika nyumba moja na kusimulia mambo ya nyumba ile. Lakini mtu yuleyule alitiwa gerezani mwaka 1978 juu ya nyimbo za matusi. Hapo sisemi "sipendi". Wimbo unaogeuza mwili wa mwanamke kuwa kitu cha kuchekwa kabareni ni mbaya, hata gitare ikiwa tamu namna gani. Na utamu wake unaongeza ubaya, maana unaingiza neno mpaka ndani. Kisha mwaka 1987 mtu yuleyule tena akatoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya SIDA, wakati wakubwa wengi walikuwa bado wanaona haya kuutaja ugonjwa ule. Padri aliyetupa disiki zake zote pamoja alitupa Mario na matusi katika shimo moja. Na yule anayesifu vyote, huyo hakusikiliza.

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa watu wote. Nilifurahi, kisha nikashangaa. Watu ambao miaka yote waliiita muziki wa walevi, juma lile wakaanza kuiita utamaduni wetu. Basi karatasi ya Paris iliongeza nini katika nyuzi za gitare?

Sasa niseme ninachochukia. Katika muziki wa Kinshasa nachukia mabanga. Wafratri wanajua neno hili, lakini nitaeleza kwa ajili ya wakatekista wa vijijini. Mwimbaji anaacha wimbo katikati na kutaja majina ya watu: mfanya biashara huyu, mkubwa yule wa Leta, kijana fulani anayekaa Ulaya. Jina linalipiwa. Pengine mwanzo ilikuwa salamu tu kwa rafiki, na salamu ni kitu kizuri. Siku hizi ni soko. Hapa nina sababu kupita masikio yangu. Wimbo wa mapendo umeanza, sauti imepanda kwa uchungu, nawe umeanza kuamini uchungu ule. Mara unasikia jina la mwenye duka. Ni kama mtu anayelia kilioni aache kulia kidogo, atangaze sabuni, kisha arudi kulia. Kitu hakiko kizima tena. Tena sifa inamfwata mwenye feza, na hakuna anayeuliza feza ile imetoka wapi, nasi katika Kivu tunajua kwamba swali lile lingefaa kuulizwa.

Lakini kabla hatujashangilia, tuingie kanisani. Siku ya mavuno, au siku ya kukusanya feza za mabati, tunafanya nini? Msemaji anashika mikro: Mheshimiwa fulani, dola mia mbili, tumpigie makofi! Mama fulani, dola hamsini, makofi! Bafle zinalia mpaka barabarani. Na mjane aliyeleta kilo moja ya maharagi katika kitambaa anapita nyuma ya watu, hana anayemtaja, ingawa Yezu mwenyewe alikaa kuelekea sanduku la hekalu akamsifu mjane peke yake na kuwaacha matajiri wapite. Yale yetu nayo ni mabanga. Tofauti ni kwamba yale ya Kinshasa yanakuja na gitare nzuri. Sitaki kusikia padri akihubiri juu ya ubatili wa waimbaji ikiwa ana orodha ya majina mfukoni.

Vijana wa Goma wananiuliza mara nyingi juu ya Innoss'B. Alizaliwa hapa mwaka 1997. Mwaka 2010, bado mtoto, alishinda mashindano ya waimbaji yaliyofanywa na Vodacom. Mwaka 2019 wimbo Yo Pe, aliouimba pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ulisikika katika kila moto na kila duka la simu kutoka hapa mpaka pwani. Niseme wazi: muziki wa namna hii haunifiki rohoni. Ngoma ya mashini inarudi ileile, nami nachoka kabla ya wimbo kwisha. Hii ni habari juu ya masikio yangu, yaliyolelewa na disiki za baba yangu. Nilipokaa kuuchunguza niliona mambo mengine. Niliona kwamba wimbo umetengenezwa kwa ajili ya miguu. Anayeuhukumu akiwa amekaa kitini ni kama anayehukumu kiatu kwa kukivaa mkononi. Niliona kwamba Lingala na Kiswahili vinakutana humo bila kuombana ruhusa, kama vinavyokutana katika gari la kwenda Sake. Hata hivyo jambo kubwa si la muziki. Katika miaka 1994, 2002, 2012, 2021 na 2025 redio za dunia zilitaja Goma sana: wakimbizi na kipindupindu, volkano, vita, tena volkano, tena vita. Mtoto wa Majengo au wa Katindo anayesikia mji wake ukitajwa kwa sababu ya mtu aliyeimba vizuri anapata kitu ambacho sisi wahubiri hatukumpa. Ndiyo sababu vijana walijaa vilevile katika Festivali Amani tangu ilipoanza mwaka 2014 katika Collège Mwanga. Padri asiyeona jambo hili atakataza wimbo kwa ajili ya kiuno cha mchezaji, na vijana watasikia kwamba anawakataza wao.

Wengine, wakikosa sababu ya kuchukia kitu, wanakimbilia neno "asili". Wanasema: hiki si cha asili yetu. Neno hili nimeanza kuliogopa, na walionifundisha kuliogopa ni samaki. Napenda sana sambaza zilizokaangwa, na chumvi, na pilipili kidogo, na bugali ya muhogo. Mzee mmoja alinihakikishia kwamba ndicho chakula cha babu zetu wa ziwa hili. Kumbe sambaza zilichukuliwa katika ziwa Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960! Leo wavuvi wanatoka mangaribi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji, wanaimba wakivuta kasia, na ukiwatazama kutoka pwani utaapa kwamba mambo yamekuwa hivi tangu Adamu. Ni vilevile kwa vikwembe vya wax. Tunawaambia wasichana waache suruali wavae kikwembe, vazi la heshima la mama wa Afrika. Nacho kilianza katika karne ya 19 kuwa mwigo wa batiki ya Java, kazi ya mashini za Uholanzi. Sisemi hivyo ili kikwembe kidharauliwe. Mama zetu wamekifanya kuwa chao, wamekipa majina na maana, na kwa kweli kinapendeza. Nasema tu kwamba "asili" mara nyingi ni jina tunalolipa jambo lililotangulia kufika kabla ya sisi kuzaliwa. Gitare nayo ilikuwa ngeni. Na Misa pia.

Nitapita upesi juu ya chukudu. Naipenda: mti mtupu, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, mtu anapiga goti juu yake na kushuka kutoka Kibumba na mizigo ambayo punda angekataa. Sanamu yake yenye rangi ya dhahabu, pale mzungukoni, siipendi, maana chukudu ya kweli haing'ai, na yule anayeisukuma hajapata dhahabu hata kidogo. Wenye chukudu wenyewe wanajipiga picha mbele yake kwa furaha. Basi mimi ni nani?

Turudi kwenye jambo zito. Kuchukia kwa mapadri kuna historia katika nchi yetu, na wafratri wanapashwa kuijua kabla hawajapewa funguo. Wazee wa dini wanakumbuka miaka ambapo ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa. Mmisionari aliyezaliwa Flandre alisikia ndani ya ngoma vita, ulevi na uchawi. Harmonium ilimkumbusha mamaye na parokia ya utoto wake. Tusimcheke. Alikuwa na masikio yaliyolelewa mahali, kama yangu. Shida ni kwamba utamu wake uligeuka kuwa kanuni. Kisha mambo yakaenda polepole. Mwaka 1955 Papa Piyo XII, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu, aliwaambia wamisionari wasidharau nyimbo za dini za watu wanaowafundisha. Mwaka 1958, huko Kamina, padri Guido Haazen, Mfransisko, na korali yake walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini, sauti za Kiluba, ngoma ndani. Mwaka 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mafundisho juu ya Liturjia, ulisema wazi kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi inayofaa. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya Zaire, na leo Wakristu wanacheza kuzunguka altare wakati wa Utukufu bila mtu kushtuka. Katika miaka ile yote ngoma haikubadilika. Ngozi ileile, mti uleule. Missa Luba yenyewe, niseme kwa pembeni, naipenda nusu: Kyrie yake, iliyotoka katika vilio vya Kiluba, ni sala kweli; sehemu nyingine naziona zimetengenezwa ili Wazungu washangae. Lakini bila nyimbo kama zile, nani angalithubutu?

Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, korali ya vijana ilileta sebene wakati wa matoleo. Padri mpya, mtu mwema mwenye bidii, hakuipenda. Hakuuliza neno. Juma lile aliivunja korali, akachukua piano ya umeme na kuifungia chumbani. Vijana walikuwa zaidi ya thelathini. Haukupita mwaka, wengi wao walikuwa wakiimba katika kanisa moja la uamsho, karibu kabisa, na sebene yao ilisikika katika parokia wakati wa mahubiri. Mimi niliisikiliza korali ile kabla haijavunjwa, kwa hiyo ninaweza kusema juu yake. Ilikuwa na kosa, na kosa halikuwa sebene. Matoleo ni mwendo: mama wanaleta ndizi, maharagi, mishumaa, wanacheza wakija, na muziki wa kuchezeka unafaa hapo kuliko mahali pengine popote katika Misa. Kosa lilikuwa kwamba mpiga piano alibonyeza ngoma iliyokwisha kutiwa ndani ya mashini, nayo ilikwenda mbio sana kupita miguu ya mama mwenye kikapu kichwani. Mama walikuwa wanakimbia! Mzee wa ndizi alifika altareni anahema. Hiyo ni sababu, na kijana yeyote mwenye akili angaliifahamu kama angaliambiwa: punguza mwendo, mwangalie mama yako, umfwate. Padri yule angalikuwa na neno hili moja, angalibaki na korali yake. Lakini ili kulipata angalipashwa kusikiliza kitu asichokipenda mpaka mwisho, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kukataza.

Kuna tena kuchukia kwa namna nyingine, nako ndiko ninakokuogopa zaidi katika sisi tuliosoma. Tunasema tumechukia kitu, kumbe tumechukia watu wanaokipenda. Mwaka 2023 na mwaka 2024, wakati watu wengi sana waliokimbia vita walikuwa katika mahema ya Bulengo na Kanyaruchinya, tulikwenda kuwasomea Misa. Watoto na mama walipiga mabidoni ya njano mahali pa ngoma. Fratri mmoja tuliyekuwa naye, mpiga kinanda mwenye masikio mazuri, alinama na kuniambia kwa sauti ndogo: "Kelele tu". Nilimwomba asikilize tena. Bidoni moja ilikuwa tupu, nyingine ilikuwa na maji kidogo chini, ya tatu ilikatwa mdomo. Kwa hiyo zilitoa sauti tatu, nazo zilijibizana kwa mpango bila kukosea, na mama wazee walipanda juu yake kwa wimbo wa Masisi wa sauti mbili. Kipimo kilikuwapo. Alikisikia, maana si kiziwi. Kitu alichochukia kilikuwa matope, moshi, harufu ya mahema, na ile hali ya kuona watu wa kwao wamefikia hapo. Ninamfahamu. Lakini ukiita matope kwa jina la muziki mbaya, utamwonea mwimbaji. Mahema yale yalivunjwa Februari 2025 na watu wakatawanyika. Sijasikia tena mabidoni yakipigwa vile katika parokia yoyote ya mji, wala hakuna aliyeandika nyimbo zile katika buku la korali.

Yanabaki maua ya plastiki. Siyapendi, tena nadhani nina sababu. Katika nchi ambapo maua meupe yanaota mitaroni kando ya njia ya Masisi bila mtu kuyapanda, tunanunua dukani kitu kisichonusa. Halafu ua la altare linapashwa kunyauka. Linajimaliza mbele ya Bwana kama mshumaa, ndiyo kazi yake. La plastiki halitoi chochote, linakusanya tu vumbi jeusi la volkano. Nilisema hayo kwa mama mmoja wa Legio anayetunza sanamu ya Bikira Maria, naye alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Padri, mimi nauza makala. Maua ya mtaroni nikiyaleta Jumamosi, Jumatano yamekufa, nami siwezi kuja mpaka Jumamosi nyingine. Siku zile tatu Mama Maria anasimama mbele ya maua yaliyokufa. Haya nimeyanunua na feza zangu, asikae hivyo." Nayo ni sababu, tena imetoka mahali ambapo yangu haikufika. Tulipatana: mabichi altareni siku ya Mungu, yatolewe mangaribi, ya plastiki kwa Bikira, naye ayaoshe.

Juu ya taa za rangi zinazowaka na kuzimika kuzunguka sanamu ileile, nyekundu, buluu, kijani, hatukupatana. Sizipendi. Nimetafuta sababu kwa Tomasi na katika vitabu vya Liturjia, na mpaka leo sijapata yenye nguvu kuliko macho yangu. Kwa hiyo zinaendelea kuwaka.